Pini Moja, Majina Matatu

"Embe limeingia funza." Ndivyo tusemavyo kwetu Mkuranga tunapopasua dodo lililoiva vizuri, ngozi safi, harufu imejaa chumba, tukakuta nyama imelainika kama uji na vidude vyeupe vinajipindapinda karibu na kokwa. Tunalitupa, tunachukua jingine. Nimelisema neno hilo tangu utotoni bila kulitazama, mpaka mama mmoja wa Morogoro, fundi ambaye kazi yake ndiyo iliyonifanya niandike haya, aliponiuliza kwa upole: "Ameingilia wapi, mwanangu?"

Nililigeuza embe mkononi. Sikuona tundu. Akanipa lenzi, akanionyesha kwa ncha ya sindano kitone kimoja cheusi karibu na kikonyo, kidogo kuliko tundu la kipini cha pua, nacho kilikuwa kimeshaziba kwa utomvu uliokauka. "Hapa ndipo mama yake aliposimama. Funza hakuingia. Amezaliwa humo ndani."

Mama huyu huwatambua nzi wa matunda. Watu humletea chupa, mikebe na mifuko ya matunda yaliyooza, naye huwajibu swali moja tu: huyu ni nani? Amelijibu kwa zaidi ya miaka 20, katika chumba chenye dirisha moja, hadubini moja na makabati ya mbao yanayonukia dawa ya nondo. Nilikuwa mjini hapo mwezi mzima kwa shughuli nyingine, nikawa napita kwake jioni. Nilianza kwa udadisi. Baada ya wiki moja nilikuwa napanga shughuli zangu kufuata saa zake.

Tuseme kwanza juu ya jina, maana kwake kila kitu huanzia hapo. Kiswahili chetu kimempa funza kazi nyingi. Yuko funza wa kidoleni, anayetolewa kwa sindano. Yuko funza wa vitumba vya pamba, ambaye kwa kweli ni kiwavi wa nondo. Yuko funza wa nyama iliyooza, na huyu wa embe. Neno moja limebeba viumbe wasio na undugu wowote wa karibu. Sioni kosa hapo. Lugha ilitaja kilichoonekana, kitu kidogo kinachotoboa na kula kutoka ndani. Ila mwenye shamba akibaki na jina hilo peke yake hawezi kumfikia adui, kwa sababu anayemwona si anayetenda. Anayetenda ni nzi mwenye mbawa, aliyesimama juu ya embe muda mfupi, akashusha mrija wake wa kutagia chini ya ngozi, akaacha mayai meupe membamba yenye urefu wa kama milimita moja, akaondoka.

Hata "nzi wa matunda" ni jina la kuangaliwa. Wengi wakilisikia hufikiria vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu mezani. Vile ni vya ukoo mwingine, navyo hufuata tunda lililokwisha kuanza kuchacha. Nzi wetu ni wa ukoo wa Tephritidae, na tabia yake ni mbaya zaidi kwa mkulima: hulifuata tunda zima, likiwa bado juu ya mti, wakati ambapo mwenye mti angali anahesabu fedha zake.

Nilimpelekea fundi maembe 11 kutoka miembe ya mama yangu. Alilipima kila embe uzito, akalipa namba, akaliweka peke yake ndani ya ndoo ndogo ya plastiki yenye mchanga chini. Mchanga wenyewe alikuwa ameuchekecha na kuukaanga kabla, usije ukawa umebeba mgeni wake. Juu ya kila ndoo akafunga kitambaa chepesi cha wavu. Nikamwuliza kwa nini asiyatie yote katika ndoo moja kubwa, kazi ikapungua.

"Yakikaa pamoja yatanijibu kwa sauti moja," alisema. "Mimi nataka kila embe lijibu lenyewe."

Kisha akangoja, na kungoja kwake nako kuna ufundi. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na funza hula kwa muda wa wiki moja hivi, akijivua ngozi mara mbili, hadi afikie urefu wa sentimita moja. Akishiba hutoboa ngozi ya embe na kutoka. Jioni ya siku ya sita niliketi karibu na ndoo namba 4 nikasikia mlio mdogo, tap, kimya, tap, kama mchele unaodondokea sinia. Walikuwa funza wanaruka. Hujikunja mpaka mdomo unakutana na mkia, hujikaza, kisha hujiachia kama upinde, na mnyama asiye na mguu hata mmoja akaruka mbali mara nyingi kuliko urefu wa mwili wake. Shambani anafanya hivyo ili aondoke haraka kwenye embe lililoanguka, kabla kuku na sisimizi hawajamwona, akazame udongoni sentimita chache. Huko ngozi yake ya mwisho hukakamaa ikawa kikopo cha rangi ya hudhurungi, umbo la punje ya mpunga. Ndani yake funza huvunjwavunjwa na kujengwa upya kuwa nzi.

Fundi aliuchekecha mchanga kwa mikono ya mtu anayepepeta mchele wa mgeni wa heshima. Punje zilizobaki juu alizihesabu kwa brashi laini ya rangi, maana kibanio huzibonyeza. Ndoo namba 4 ilitoa punje 64. Nne kati ya zile 11 hazikutoa chochote, nazo aliziandika daftarini kwa uangalifu uleule. Embe lisilo na funza, aliniambia, nalo limesema neno.

Baada ya siku kumi hivi nzi wakaanza kutoka. Nzi aliyemo kikoponi hana meno wala makucha ya kukifungulia. Anacho kifuko kichwani, juu ya uso, ambacho hukijaza maji ya mwili kikavimba kama puto, kikasukuma kifuniko cha kikopo kikafunguka. Kwa kifuko hichohicho hujichimbia njia ya kupanda juu ya udongo. Akishafika kwenye mwanga, kifuko hurudi ndani, uso hufunga, na hakitumiki tena maisha yake yote. Anabaki na alama ya mshono tu juu ya vipapasio, kama kovu la kitovu chetu.

Hapo nilidhani kazi imefika mwisho: nzi wapo, wauawe, watazamwe. Alinizuia mkono. Nzi aliyetoka leo hafai kutambuliwa. Mwili wake bado laini, rangi zake hazijakaa. Njano ni nyeupe, nyeusi ni kijivu, na mtu mwenye haraka anaweza kumwandika jina la jirani yake. Basi aliwapa vizimba vya wavu, sukari, hamira na pamba iliyoloweshwa maji, akawatunza siku tano kama watu wanaotunza vifaranga. Kila asubuhi alibadilisha pamba. Sijawahi kuona mtu akimlisha adui kwa uangalifu kama ule, naye hakuuona ni ajabu. "Nikimwua kabla rangi haijakaa," alisema, "nimemwua bure."

Katika ndoo namba 9 alitoka mgeni mwingine: nyigu mwembamba, mdogo kuliko nzi, mwenye mrija mrefu nyuma kama uzi. Alikuwa ametaga ndani ya funza wa nzi, na mwanawe akamla funza polepole mpaka akachukua nafasi yake kikoponi. Fundi alimshika kwa furaha iliyo wazi, akampa kichupa chake na namba yake, embe lilelile namba 9. Nikauliza kwa nini anafurahi hivyo kwa kidudu kimoja. Akasema tungoje nzi wa embe lile wasomwe kwanza.

Nzi huwekwa kwenye jokofu la kugandisha, wakafa taratibu bila kujipigapiga na kuvunja mbawa. Kisha huja pini. Kwa mkono wa kushoto alimshika nzi mwenye urefu wa milimita saba hivi, kwa wa kulia pini nyembamba ya chuma, akaipenyeza kifuani upande wa kulia kidogo wa mstari wa kati. Hakupitisha katikati, na hakukosea hata mara moja mbele yangu. Sababu yake ni ya busara kubwa: mwili wa nzi una pande mbili zinazofanana, na pini lazima iharibu kitu. Ikipita katikati, inaharibu kile ambacho hakina pacha. Ikipita kulia, kilichopotea kulia kinasomeka kushoto. Nimewaza sana juu ya jambo hilo, kwamba fundi amekubali tangu mwanzo kuwa mkono wake utaharibu kitu, akachagua mahali pa kuharibu.

Chini ya hadubini kidudu cha jalalani kiligeuka pambo. Kifua cheusi chenye mistari miwili ya njano pembeni, na mwisho wa kifua kigao kidogo cha njano iliyoiva. Mbawa safi kama kioo, zenye mstari mwembamba wa kahawia ukingoni. Tumbo la rangi ya chungwa, na juu yake alama nyeusi yenye umbo la herufi T. Kando yake fundi aliweka nzi aliyetoka katika embe namba 9: mdogo zaidi, wa manjano, mabawa yamechorwa mikanda kama kitambaa cha batiki, madoa meusi matatu kwenye kigao chake. Huyu wa pili ni Ceratitis cosyra, mwenyeji wa Afrika, aliyekuwa adui mkubwa wa embe letu kabla ya mwaka 2003. Yule wa kwanza ndiye mgeni aliyemsukuma pembeni, na kisa cha jina lake ndicho kilichonifanya nirudi chumbani mle jioni baada ya jioni.

Mwaka 2003 nzi wasiojulikana walinaswa pwani ya Kenya, na katika mwaka huohuo wakaonekana Tanzania. Walifanana na nzi wa Asia, ila hawakukubali kuingia vizuri katika jina lolote lililokuwapo, hasa kwa rangi ya kifua: wengine weusi tii, wengine wekundu wa kahawia, wengine katikati. Walifuatiliwa hadi Sri Lanka, wakakutwa huko. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White waliandika maelezo yao rasmi, wakawaita Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Jina lilimfaa. Katika miaka michache alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kwenye maembe, mapera, kungu na matunda mengine mengi.

Lakini wataalamu wengine waliendelea kuulizana. Huko Asia kulikuwa na Bactrocera dorsalis, aliyeandikwa na Hendel, Mwaustria, mwaka 1912 kwa nzi wa Taiwan, na kulikuwa na papayae na philippinensis waliotenganishwa naye mwaka 1994. Je, hawa ni nzi wanne, au ni mmoja anayebadilika rangi kufuata pahali? Jibu lilitafutwa kwa njia nyingi kwa miaka mingi. Walipima umbo la mbawa na urefu wa viungo vya uzazi. Walisoma DNA. Walichunguza harufu ambazo madume huzitoa. Na, jambo lililonipendeza kuliko yote, waliwafungia katika vizimba vikubwa vyenye miti ndani, wakakaa jua linapozama, saa ambayo nzi hawa hupandana, wakaandika nani amemchagua nani. Mtaalamu anaweza kubishana na mtaalamu mwenzake juu ya milimita, lakini jike aliyemkubali dume wa nchi nyingine bila kusita ametoa ushahidi wake mwenyewe.

Mwaka 2015 karibu watafiti 50 walitia majina yao kwenye hukumu iliyoongozwa na mtafiti Schutze: papayae, philippinensis na invadens ni dorsalis. Sheria ya majina ya wanyama hulipa jina la zamani haki ya kutangulia, kwa hiyo la Hendel likabaki, na la mvamizi, baada ya miaka kumi tu, likawekwa kando. Drew hakukubali, naye si mtu wa kupuuzwa katika elimu hii. Sehemu kubwa ya nzi hawa wamesomwa kupitia macho yake. Nilimwuliza fundi anamfuata nani. Alifungua droo.

Mle ndani kulikuwa na nzi wa miaka ile ya mwanzo, safu kwa safu. Chini ya kila nzi, kwenye pini ileile, zilining'inia karatasi ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, zilizoandikwa herufi ambazo nilihitaji lenzi kuzisoma. Ya juu kabisa ilitaja kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, tunda na mkusanyaji. Chini yake, "Bactrocera", bila jina la pili. Chini yake, "Bactrocera invadens", na mwaka. Chini yake, "Bactrocera dorsalis", na mwaka mwingine. Hakuna kilichochanwa wala kufutwa. Kila aliyemtambua nzi yule aliongeza karatasi yake, akaacha ya mwenzake mahali pake. "Ile ya juu haibadiliki," fundi alisema. "Embe lilikuwa embe, na siku ilikuwa siku ile. Hizi za chini ni maneno yetu sisi."

Nimefanya kazi ya maandishi muda mrefu. Najua jinsi sisi waandishi tunavyofuta kosa na kujifanya halikuwapo. Nilisimama mbele ya droo ile nikatamani kazi yangu ingekuwa na pini.

Na usidhani kwamba ufundi huu hukomea kwenye kuunganisha. Wakati nzi wanne wakifanywa mmoja, mmoja mwingine alikuwa anagawanywa. Ceratitis rosa alijulikana muda mrefu kama spishi moja, lakini wakaonekana wa aina mbili: wa nyanda za chini penye joto, na wa milimani anayestahimili baridi. Tofauti ya madume wao iko mguuni, katika pingili moja ya mguu wa kati: kwa mmoja weusi umejaa upana wote wa pingili mpaka kingoni, kwa mwingine hauzifiki kingo. Upana wa kivuli, kwenye mguu wa kidudu! Mwaka 2016 De Meyer, Mwatawala na Virgilio walimwandika wa baridi kuwa spishi yake, Ceratitis quilicii, kwa heshima ya Serge Quilici, mtaalamu wa wadudu wa kisiwa cha Réunion. Mwatawala ni wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapohapo Morogoro, mji ambao mtu anaweza kuanza asubuhi kwenye joto la bonde na kufika adhuhuri kwenye ukungu wa Uluguru. Nadhani si bahati kwamba swali la nzi wa chini na nzi wa juu lilipata mtu kama huyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye nafasi. Mama yangu, kwa mfano, anataka maembe yasiyo na funza, hana shida na Kilatini. Basi nieleze lililotokea kwake. Msimu wa nyuma jirani alimpa mtego: chupa ya plastiki yenye matundu, pamba iliyotiwa dawa ndani yake. Haukunasa kitu. Alikata tamaa na mitego yote. Fundi alipoinusa pamba ile niliyomletea alitikisa kichwa. Ilikuwa chambo cha nzi mwingine. Dume wa Bactrocera dorsalis huvutwa na methili yujenoli, kutoka mbali na kwa nguvu ya ajabu. Hula harufu ile na kuigeuza kuwa marashi yake ya kumwitia jike. Dume wa Ceratitis cosyra haitaki hata kidogo, yeye hufuata terpinili asetati. Rosa na nzi wa Mediterania hufuata trimedilua. Ukikosea jina umekosea chambo, na chupa itaning'inia mtini msimu mzima kama pambo.

Harufu ile nayo ilipatikana kwa jicho la mtu aliyetulia. Huko India, mtaalamu wa wadudu aitwaye Howlett aliona kwamba jirani aliyetumia mafuta ya sitronela kujikinga na mbu alikuwa akizongwa na nzi wa matunda, na wote madume. Wengine wangecheka wakapita. Yeye alichapisha maoni yake mwaka 1912, uleule ambao Hendel alimpa dorsalis jina, na baada ya miaka mitatu akawa ameitambua methili yujenoli yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kisiwa kidogo cha Rota huko Marianas, vipande vya ubao laini vilivyoloweshwa harufu hiyo pamoja na sumu vilidondoshwa kutoka angani, madume wakaisha, majike wakakosa wenzi, dorsalis akatoweka kisiwani. Kwenye bara letu, lenye miembe kila ua na mipaka isiyozuia mbawa, jambo hilo haliwezi kuwa jepesi hivyo, lakini njia ni ileile.

Jina huamua pia juu ya nyigu. Sasa nilielewa furaha ya ndoo namba 9. Nyigu yule alitoka katika embe la cosyra, mwenyeji mwenzake. Nyigu wetu wa asili wakitaga ndani ya dorsalis, mwili wa funza mgeni huyazunguka mayai yao na kuyafunga mpaka yafe. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilimleta kutoka Hawaii nyigu Fopius arisanus, ambaye amemzoea dorsalis na hutaga ndani ya yai lake mapema kabisa. Na hata soko linauliza jina. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na milango ilifunguka tena 2021. Majina yale manne yalipokuwa mbalimbali, utafiti wa maji ya moto uliofanywa kwa dorsalis wa Asia haukuweza kutumika moja kwa moja kwa mvamizi wa Afrika. Karatasi moja ndogo chini ya pini ikayafungua maarifa ya miaka mingi.

Fundi hapendi kuzungumzia masoko. Anapenda zaidi kuzungumzia usafi wa shamba: okota embe lililoanguka kila siku, usilitupe jalalani, lizike nusu mita au lifunge ndani ya mfuko mweusi juani mpaka funza waive. Nilikumbuka jalala la kwetu, chini kabisa ya mwembe, na maembe yote tuliyoyatupa hapo kwa miaka, tukidhani tumeyaondoa. Tulikuwa tunawalea. Alipenda pia kuwasifu majimoto, chungu wakali wanaoshona majani ya mwembe kuwa viota, ambao harufu na doria yao huwafukuza nzi. Aliniambia kwamba kunguni anayeharibu nazi changa, Pseudotheraptus wayi, aliitwa hivyo mwaka 1955 kwa heshima ya Way, aliyewasoma majimoto katika minazi ya Zanzibar. Alilitaja kama mtu anayetaja ukoo wa mkwe wake.

Jioni yangu ya mwisho alikuwa anaandika karatasi za maembe yetu. Kalamu yake ina ncha nyembamba kama unywele, na wino hauchujuki ukiingia spiriti. Aliandika Pwani, Mkuranga, kijiji, tarehe, embe. Akainua kichwa.

"Aina?"

"Dodo, mama."

Akaandika dodo. "Nani aliyekusanya?"

Nilitaja jina langu. Akaniuliza kama ni mimi niliyeyaokota chini ya mti. Nikasema hapana, ni mama yangu, mimi nilibeba tu. Basi akaomba jina la mama, lote, na jinsi linavyoandikwa, akaliandika. Kwenye karatasi ya pili akaandika Bactrocera dorsalis, jina lake mwenyewe, na mwaka. Akazipandisha zote mbili kwenye pini, akazisawazisha kwa ukucha, na chini ya ile ya pili akaacha kipande cha pini kitupu, kinachotosha karatasi nyingine mbili au tatu.

Usiku nilimpigia mama simu nikamweleza kwamba jina lake limo ndani ya kabati huko Morogoro, chini ya nzi, na litakaa. Alinyamaza kidogo.

"Na lile dodo la mwembe wa kisimani," akauliza, "nalo ulilipeleka? Lile huwa linaanza mapema kuliko mengine."

Nilimwambia ndiyo. Lilikuwa namba 4, na katika zile punje 64 walitoka nzi 58.